Aje Kupima Madirisha

Kwa Kiswahili hakuna mtu asiye na ndugu. Ukipotea njia unamwuliza mama usiyemjua, naye anakuelekeza akikuita mwanangu, ingawa hakukuzaa. Muuza mayai ni mwanangu, mlinzi wa getini ni babu, msichana wa duka la dawa ni dada, na ukimkanyaga mtu kwenye foleni unamwambia "samahani, kaka" hata kama uso wake unakutisha. Undugu tunaugawa bure, asubuhi mpaka jioni, na hakuna anayeona tumetoa kitu. Ndiyo maana mimi nikikumbuka habari ya Futi nakasirika upya. Neno tunalomrushia kila mpita njia, yeye alilisubiri mlangoni kwa mwenye nalo, akanyimwa.

Futi si jina lake, ila wateja wake wengi hawajui jingine. Hawajawahi kumwona bila futi ya kupimia shingoni. Ni fundi wa mapazia. Ukimwita fundi nguo atakunja uso, kwa sababu nguo, husema, inamsitiri mtu mmoja, na pazia linausitiri ukoo mzima. Ana chumba cha kazi nyuma ya duka la vyombo, chenye cherehani mbili na meza ya kukatia ambayo zamani ilikuwa mlango. Mteja akija na vipimo alivyopima mwenyewe, Futi huvipokea kwa adabu, huvikalisha chini ya kikombe cha chai, kisha huenda kupima upya. Watu hupima dirisha wakasahau kwamba pazia linataka karibu mara mbili ya upana huo, la sivyo halipati mikunjo. Wakibisha, huwaambia wanunue karatasi wabandike kwenye vioo, itawafaa zaidi.

Ufundi huo alisema ameurithi kwa mama yake. Mama alikuwa mjane, mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache aliyekuwa anafumua mshono wa mtoto wake mara tatu bila kumkaripia mpaka unyooke. Futi alikwishapita arobaini, hana mume, hana mtoto, na hakuona kama amepungukiwa, maana jioni alikuwa na mtu wa kumpelekea mkate. Mpaka mama alipougua, akafa.

Baada ya mazishi wanandugu walikaa kuzungumzia nyumba. Futi alikuwa jikoni anaosha vikombe. Alipotoka na chai akakuta maneno yamekatika ghafla, kila mtu anatazama kiatu chake. Shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumeza neno, akaona afadhali alimalize.

"Weka chai hapo, ukae," alimwambia. "Hapa tunaongea mambo ya damu, na wewe damu yetu huna. Uliokotwa. Marehemu hakukwambia, basi nakwambia mimi."

Futi alizungusha macho akimtafuta mmoja wa kusema shangazi amezeeka, anapayuka. Hakumpata. Wote walikuwa wanajua, hata vijana aliowabeba mgongoni. Alijisikia mjinga, na ujinga huo ulimuuma kabla ya uchungu wenyewe. Nyumba ilikwenda kwa wenye damu. Yeye aliondoka na cherehani ya mama, na hata hiyo ilibishaniwa, mpaka mtu mmoja aliposema mwacheni nayo, imechakaa.

Najua tunasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Futi naye aliujua msemo huo. Lakini alimkasirikia marehemu, na hakuna hasira ngumu kama ya kumkasirikia aliyekufa, maana hajibu, hajitetei, wala haombi radhi. Miaka yote hiyo ya kukaa cherehani kwa cherehani, asiseme? Na lile neno la shangazi lilimkaa kooni. Kinachookotwa ni kitufe, ni kiatu cha mtoto barabarani. Kama aliokotwa, basi kuna aliyemwangusha.

Alikwenda kwa mkunga mstaafu wa mtaa wao wa zamani, kwa sababu watoto wote wa mtaa ule walipita mikononi mwake. Alimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini kwa hasira.

"Nani kasema uliokotwa? Mimi nilikukabidhi kwa mikono hii, umeoga, umelala. Mtu akipewa hajaokota."

Halafu akamweleza. Kulikuwa na msichana wa sekondari, baba yake mwalimu mkuu mwenye heshima zake, kijana aliyempa mimba ameyeyuka. Msichana alifichwa kwa mkunga mpaka akajifungua. Mjane wa jirani hakuwa na mtoto. Wakakubaliana, msichana akarudi shule, akamaliza, akaolewa na kijana wa ofisini, akazaa wengine wawili. Yuko hai, tena hakai mbali. Yeye na mkunga hukutana kliniki ya presha. Futi aliuliza kama katika kukutana huko amewahi kuulizia habari za mtoto. Mkunga aliuokota tena ule ungo, akachambua kwa muda mrefu maharage ambayo tayari yalikuwa safi.

"Watu wengine huogopa kuuliza," alisema.

Basi Futi akamtuma. Alimsihi mkunga aeleze vizuri, asije yule mama akadhani anafuatwa kwa mali. Hataki nyumba nyingine. Moja imemtosha kumfundisha. Hataki matunzo, nywele zimeshaanza mvi. Anataka kitu kimoja: aitwe mwanangu na mama yake, mbele ya watu wa nyumba ile, wasikie. Akishaitwa, hata wakimwambia asirudi tena, hatarudi. Mkunga alimtazama kwa huruma, akamwambia ameomba kitu kidogo kuliko vyote na kikubwa kuliko vyote, na kwamba angeomba pesa angepata haraka zaidi.

Jibu lilikuja wiki ile ile.

"Ameniuliza unafanya kazi gani," alisema mkunga. "Nikamwambia, fundi wa mapazia. Akafikiri. Akasema, basi, aje kupima madirisha."

Futi alicheka mpaka mkunga akaingiwa na wasiwasi. Ndiyo salamu ya kwanza kutoka kwa mama mzazi baada ya miaka arobaini na kitu: aje kupima madirisha. Hata hivyo siku ya kwenda aliifua ile futi yake kwa sabuni, akaianika, akabadilisha gauni mara mbili. Moyo hauna adabu. Unatukanwa nao unachana nywele.

Nyumba ilikuwa ya kona, yenye geti la kijani na kibaraza kilichopigwa deki mpaka kinateleza. Mama mwenyewe ndiye aliyefungua. Mfupi, mnene kiasi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Futi alikuwa amejiandalia maneno na kilio, vyote viwili vikamkauka, kwa sababu nyuma yake alikuwa amefika muuza mayai, na mama akaanza na huyo.

"Nipe trei moja, mwanangu. Halafu angalia yasiwe na nyufa, mwanangu, yale ya juzi yalinivunja moyo." Kisha akamgeukia Futi, macho yakatua mahali fulani karibu na sikio lake. "Karibu, fundi."

Walianzia chumba cha kulala. Dirisha pana hupimwa na watu wawili, kwa hiyo mama alishika ncha moja ya futi na Futi akashika nyingine, wakasimama hivyo, mmoja huku, mmoja kule, utepe umekazwa katikati yao. Mama aliuliza kama ana afya. Futi akasema anayo. Aliuliza kama alilelewa vizuri. Futi akasema alilelewa vizuri mno, ndiyo maana amepiga hodi. Mama akatazama mlango kama umefungwa.

"Mume wangu hajui," alisema kwa sauti ya chini. "Watoto hawajui. Nipe nafasi. Mzee anastaafu mwezi ujao, na kijana wetu atakuja, anafanya kazi mbali. Siku hiyo tutakuwa tumetimia. Nitasema wewe ni nani."

"Anza kuniambia mimi," alisema Futi. "Mimi ni nani?"

Mama alifungua kinywa. Nataka kuamini neno lilikuwa njiani. Lakini mlango ulisukumwa, akaingia binti wa nyumba na bilauri ya maji ya machungwa. Binti huyu alikuwa mwalimu wa chekechea, mwenye kicheko cha kuanzia puani, na Futi alipokisikia akasisimka mwili, maana ndicho kicheko chake mwenyewe, kile alichokuwa akiambiwa na mama aliyemlea kwamba sijui amekitoa wapi.

"Pole na kazi, dada," alisema binti. "Jamani mama, huyu dada nimempenda bure. Tena dada, kwangu nataka rangi ya maziwa, usimsikilize mama, yeye atakwambia kahawia."

"Dada yako nani?" mama alisema. Sauti ilitoka kali kuliko alivyokusudia. "Huyo ni fundi. Mwite fundi."

Binti alishangaa. Katika nyumba ile hata mkusanya taka aliitwa kaka. Akajua mama ameamka na presha, akaweka bilauri dirishani, akatoka kwa ncha za vidole. Futi aliandika upana, akaandika urefu, na kwa mara ya kwanza tangu aachiwe mkasi akakosea kipimo. Pazia la chumba kile lilikuja likiwa fupi, ikabidi lifumuliwe upya, naye ikambidi arudi tena. Mkunga anasema alikosea kwa huzuni. Mimi namjua Futi, nadhani mkono ulijua ulichokuwa ukitafuta.

Kwa hiyo alirudi, na akarudi tena. Leo bomba la pazia limelegea, kesho bitana imevuta. Kila alipokuja alijifunza kitu kimoja cha kupeleka nyumbani: kwamba kaka yake anaogopa mende, kwamba dada yake alirudia darasa moja, kwamba mama yao hali kitunguu kibichi, naye Futi hakuwahi kukipenda. Alishona mapazia yale kama anajishonea. Upindo wa chini aliushona kwa mkono, sindano kwa sindano, kazi ambayo hakuna mteja aliyewahi kuiona wala kuilipia, akawa anaifungia chumbani kwake na kuisifu peke yake.

Hata yule mzee, mwenye nyumba, alimzoea. Alikuwa mtu mpole wa kusoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Siku moja alilishika pazia la sebuleni akalikunjua na kulikunja, akasema, "Mwanangu, una mikono ya baraka. Wazazi wako wana bahati." Futi alishukuru. Mama alikuwa pale pale, chai mkononi, akainama kwenye kikombe na hakuinuka mpaka mzee alipotoka. Mtu asiyekuwa na hata tone la damu yake ndiye aliyempa neno lile, tena bila kuombwa, akalitupa na kurudi kwenye gazeti lake. Futi alitaka kumwambia mama, umeona? Halimwui mtu. Badala yake aliuliza tu kama ile ahadi bado ipo.

"Bado hatujatimia," mama alijibu. "Siku tukitimia."

Siku ikafika. Wageni waliambiwa waje mchana, Futi aliambiwa aje asubuhi, atundike pazia kubwa la sebuleni. Alivaa gauni jipya la kitambaa cha zambarau. Futi ya kupimia aliiacha kazini kwa makusudi, na shingo ilimwasha njia nzima. Alilitundika pazia, akalipanga mikunjo, akasogea pembeni karibu na kabati la vyombo, akasubiri kuitwa. Kaka mtu alikuwa amefika, mrefu, suti imembana mabegani. Alimsalimu vizuri. Mama alipita na sahani, akarudi na sahani, akapita tena, na kila alipopita Futi alijiweka sawa.

Kabla ya wageni mpiga picha alikuja kupiga familia. Alitazama sebule akatingisha kichwa. Ukuta wa kupigia ulikuwa umebanduka rangi kwa unyevu. Picha ya mzee wa watu anastaafu, nyuma ukuta una ukoma? Akaomba kitambaa kikubwa cha kuweka nyuma. Macho yote yakaenda dirishani.

"Fundi atatusaidia," alisema mama.

Likashushwa pazia lile lile alilolitundika muda si mrefu. Ncha moja ikafungwa kwenye nondo za dirisha. Ya pili haikuwa na pa kushika, msumari ulikataa kuingia ukutani, kila mtu akajifanya fundi kwa dakika kadhaa, mwishowe ikaonekana afadhali mtu aishike. Na nani anayejua kushika pazia? Futi alipanda kwenye stuli nyuma ya kitambaa chake mwenyewe, akainua mkono. Alikuwa anawasikia wote kwa mbele, viti vinaburutwa, mzee anakohoa. Kuwaona hakuweza, maana bitana ile aliichagua nzito.

"Familia tu kwanza," alisema mpiga picha.

Ilisikika sauti ya binti. "Na fundi je? Ametuhangaikia mwezi mzima."

"Kweli, aje," alisema mzee. "Njoo mwanangu, tupige wote."

Hapo ndipo pakawa kimya. Hakikuwa kimya kirefu, na waliokuwa mbele nadhani hawakukisikia. Futi alikisikia. Mlango ulikuwa umefunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe, kilichobaki ni mama kusema neno moja tu, hata angelisema kwa mzaha, hata angelisema kama anavyomwambia muuza mayai.

"Fundi akitoka, nani atashika pazia?" alisema mama.

Wote walicheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Kaka mtu alicheka, na binti akacheka kile kicheko cha puani.

"Fundi, vidole vinaonekana," alisema mpiga picha. Futi akavirudisha nyuma. "Haya. Mmetimia?"

Ndilo neno lenyewe, neno la mama mwenyewe, na halikuulizwa na Futi wala mkunga. Limeulizwa na mtu wa kukodi asiyejua lolote.

"Tumetimia," alisema mama.

Picha ikapigwa. Ikapigwa tena, na tena, mzee akiwa amekaa, mzee akiwa amesimama. Mimi ningeachia. Naapa ningeliachia pazia lile liwaangukie vichwani, wageuke wanione nimesimama kwenye stuli na gauni langu la zambarau, halafu tuone mama atasema mimi ni nani. Nilipomwambia hivyo baadaye, Futi alinijibu kwamba aliwaza hivyo hivyo, akafungua kidole cha kwanza, akafungua cha pili. Kisha akafikiri kwamba akitambulishwa na pazia lililoanguka, itakuwa ameokotwa mara ya pili. Akavifunga tena.

Picha zilipokwisha alilirudisha pazia dirishani. Mikunjo ilikuwa imevurugika, akaipanga upya mmoja mmoja, hakuacha hata mmoja. Mpiga picha aliambiwa na mama, ahsante sana mwanangu, usiondoke bila kula. Futi alifunga mkoba wake. Binti alimshika mkono, akamwuliza atakuja lini tena, naye akasema hana sababu ya kuja, madirisha yamekwisha.

Mama alimfuata mpaka nje ya geti. Alilivuta geti nyuma yake mpaka likalia, akatazama barabarani huku na huku, akamshika mkono juu ya kiwiko. Machozi yalikuwa yanamtoka kweli, siwezi kumsingizia.

"Nisamehe, mwanangu," alinong'ona.

Neno likaja. Futi alisimama akalisikiliza, kama mtu anayeonja chai aliyoisubiri mpaka ikapoa. Ndani, wageni wa kwanza walikuwa wameanza kumpigia mzee vigelegele.

"Rudi ndani ukaliseme hilo hilo," alisema. "Nakusubiri hapa hapa."

Mama alitazama geti. Alitazama muda mrefu, na mkono wake ukaanza kulegea juu ya kiwiko cha Futi, kidogo kidogo, mpaka ukaachia kabisa.

"Wageni wamefika," alisema.

"Haya, mama. Wahudumie."

Futi alitembea mpaka kazini kwake. Mteja mmoja alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha duka la vyombo, robota la kitambaa mapajani, amechoka kusubiri. Alinuna, akamwambia fundi siku hizi umekuwa wa kutafutwa, tangu asubuhi nabisha hodi, ulikuwa wapi?

Futi alifungua kufuli, akasukuma mlango.

"Nilikuwa kwa mteja," alisema.